Mvua Ikishika Uwanja: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Matairi katika F1 24 na F1 25

Wapo wachezaji waliokariri kila kona ya Silverstone na bado wakapoteza mbio za mvua kwa uamuzi mmoja tu: walibadilisha matairi mapema mno, au walichelewa. Mizunguko mitatu juu ya tairi lisilofaa hula sekunde ambazo ufundi wa usukani hauwezi kuzirudisha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini tairi halichaguliwi kwa mawingu, wala kwa matone unayoyaona yakipiga kamera. Huchaguliwa kwa maji yaliyolala juu ya lami, na maji hayo yana kipimo kimoja cha kuaminika ambacho mchezo wenyewe hukupa kila unapovuka mstari: muda wa mzunguko wako.

Mwongozo huu unahusu F1 24 na F1 25, michezo ya video ya mbio za magari za Formula 1 (F1) kutoka Codemasters na EA. Mengi yaliyomo yatakufaa pia ukiwa bado unacheza F1 22 au F1 23.

Hatua ya 1: Zijue rangi tano na kazi zake

Matairi makavu ni matatu: jekundu ndilo laini kuliko yote, la njano ni la wastani, jeupe ndilo gumu. Yote hayana mifereji. Kwenye lami kavu hiyo ni faida, kwa sababu mpira wote unagusa barabara. Lami ikilowa, maji hayana pa kutokea, yanabaki kati ya mpira na barabara, na gari linaanza kuelea. Tatizo la pili ni joto, na wengi hulisahau. Tairi kavu limetengenezwa lifanye kazi likiwa moto. Maji hulipoza, mpira uliopoa unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki. Ndiyo maana gari linaweza kuserereka hata mahali ambapo huoni dimbwi lolote.

Tairi la kijani lina mifereji ya kiasi. Kwa hesabu za Pirelli, watengenezaji wa matairi ya F1, tairi moja la kijani likiwa kwenye kasi ya kilomita 300 kwa saa linaweza kuondoa lita 30 hivi za maji kwa sekunde. La buluu, lenye mifereji ya kina zaidi, linaondoa lita 85 hivi. Ukizitazama namba hizo peke yake unaweza kudhani la buluu ni bora kila mvua inaponyesha. Sivyo. Kila mfereji unakata mpira kuwa vipande, na vipande hivyo hupindapinda gari linapokata kona. Kupinda huko huzaa joto, na kinachokipoza kipande ni maji. Maji yakipungua, tairi linachemka na kuliwa haraka. La buluu huchemka kwenye maji machache, la kijani huchemka kwenye lami inayokauka.

Kwa hiyo la kijani ndilo litakalokubeba katika sehemu kubwa ya mbio za mvua. La buluu ni la maji mengi tu. Ila hapa kuna tofauti kati ya mchezo na F1 yenyewe. Katika F1 ya kweli, mvua inapofikia kiwango cha kuhitaji buluu, madereva mara nyingi hawaoni mbele kwa sababu ya ukungu wa maji, na mbio husimamishwa. Spa mwaka 2021 magari yalizunguka tu nyuma ya gari la usalama, lile linalowaongoza wote polepole wakati wa hatari, mbio zikaishia hapo. Kwenye mchezo, mvua kubwa ikishuka utaachwa uendelee kukimbia. Ndiyo maana mtazamaji mzuri wa F1, aliyezoea kuona kijani kila Jumapili ya mvua, anaweza kuidharau buluu kwenye mchezo na kuachwa nyuma.

Hatua ya 2: Tafuta muda wako wa ukavuni, halafu tengeneza vizingiti

Hatua hii usiiruke, kwani zote zinazofuata zinaitegemea.

Kwa miaka mingi Pirelli wametumia vipimo viwili vya kukadiria wakati wa kuhama tairi. Muda wa mzunguko ukifika takriban asilimia 112 ya muda wa ukavuni, hapo ndipo tairi kavu na la kijani yanalingana. Ukifika takriban asilimia 118, la kijani na la buluu yanalingana. Mchezo haufuati namba hizo hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na viwanja havifanani, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Anza kwa kupata muda wako wa mbio, si ule wa kuwania nafasi ya kwanza kwenye gridi, yaani mpangilio wa magari mbio zinapoanza. Endesha mizunguko kadhaa kwenye uwanja mkavu, tangi likiwa na mafuta ya kutosha, kwa mwendo unaoweza kuuendeleza bila kukosea. Uchukue muda wa kawaida. Kisha zidisha kwa 1.12 na kwa 1.18, uandike kwenye karatasi uiweke karibu na skrini. Kwa mfano:

- Interlagos, ukavuni 1:11. Kizingiti cha kijani ni 1:19.5, cha buluu ni 1:23.8.
- Silverstone, ukavuni 1:28. Kijani 1:38.6, buluu 1:43.8.
- Spa, ukavuni 1:45. Kijani 1:57.6, buluu 2:03.9.

Hizi ni hesabu za mfano, weka muda wako mwenyewe. Mchezaji anayeendesha Interlagos kwa 1:14 ana vizingiti vyake, na havimhusu mwenye 1:11.

Ukishapata karatasi hiyo, fungua mbio za Grand Prix, weka hali ya hewa iwe mvua nyepesi, na ufanye mazoezi ukiwa na matairi ya kijani. Kisha weka mvua kubwa, ujaribu kijani na buluu kwa zamu. Lengo ni kupata muda wako halisi na kurekebisha vizingiti. Wanaotumia pedi mara nyingi hupoteza muda mwingi zaidi kwenye tairi kavu lililolowa kuliko wanaotumia usukani, maana kidole hakina upole wa mguu. Wanaocheza bila msaada wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure nao huona kizingiti chao kikishuka. Ikiwa wewe ni mmojawapo, anza kufikiria kijani kwenye asilimia 110 badala ya 112.

Hatua ya 3: Pima gharama ya piti

Piti ni kituo cha kando ya uwanja ambako gari hubadilishiwa matairi. Kila mbadiliko wa tairi una bei, na bei hiyo hutofautiana kwa kila uwanja kulingana na urefu wa njia ya piti na kikomo cha mwendo. Kuipima ni rahisi. Anzisha mbio fupi za mizunguko mitano kwenye uwanja mkavu, uingie piti katikati. Chukua muda wa mzunguko wa kuingia na ule wa kutoka, ujumlishe, kisha utoe mizunguko yako miwili ya kawaida. Ukipata 2:45 kwa hiyo miwili, na miwili ya kawaida ni 2:24, gharama yako ni sekunde 21. Iandike chini ya vizingiti.

Wengi hukisia. Ukikisia 15 wakati ni 21, utaingia piti mara ambazo hukupaswa kuingia.

Hatua ya 4: Soma utabiri kabla ya taa kuzimika

Kabla ya mbio, mchezo hukuonyesha utabiri wa hali ya hewa kwa vipindi, pamoja na asilimia ya uwezekano wa mvua. Kwenye mipangilio ya vyumba vya mtandaoni na ya Grand Prix unaweza kukuta chaguo la usahihi wa utabiri: kamili, au wa kukadiria. Liangalie mapema. Utabiri ukiwa kamili, panga mkakati wako kuuzunguka bila wasiwasi. Ukiwa wa kukadiria, mvua inaweza kuwahi au kuchelewa, kwa hiyo weka mipango miwili.

Mambo matatu ya kutafuta kwenye utabiri: mvua inaanza lini, inakua au inapungua, na inakoma kabla ya mbio kwisha au la. Swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Mvua ya dakika nne katikati ya mbio inakudai piti mbili, ya kwenda kijani na ya kurudi kavu. Kwa gharama ya sekunde 21 hizo ni 42. Ikiwa unaweza kustahimili juu ya tairi kavu huku ukipoteza sekunde nne kwa mizunguko mitatu, umepoteza 12 tu. Hapo kubaki nje ni uamuzi wa akili, hata kama gari linacheza mikononi.

Jambo lingine la kukumbuka: sheria ya kutumia aina mbili tofauti za matairi makavu huondoka dereva akishatumia kijani au buluu ndani ya mbio. Kwa hiyo mvua ikikukuta umeanza na njano, ukaenda kijani, hulazimiki tena kutafuta jekundu au jeupe kabla ya mwisho. Mkakati uliouchagua kwenye gridi unaweza kuusahau wote.

Kwenye gridi yenyewe, lami ikiwa imelowa na mvua imekoma, anza na kijani. Usijaribu ushujaa wa tairi kavu kwenye mzunguko wa kwanza wenye magari ishirini, hata kama hesabu inakaribia. Hungary mwaka 2021 ilitoa picha ya upande wa pili: mbio zilipoanzishwa upya baada ya ajali, lami ilikuwa imeshakauka, madereva wengine wote wakaingia piti mwisho wa mzunguko wa kupanga (ule wa polepole wa kujipanga kwenye gridi) kuchukua matairi makavu, na Lewis Hamilton akabaki peke yake kwenye gridi akiwa na kijani. Ilimbidi aingie mzunguko uliofuata, akajikuta mwisho. Esteban Ocon ndiye aliyeshinda. Ukiwa na mzunguko wa kupanga kwenye mipangilio yako, utumie kwa kazi hiyo: kanyaga breki kwa nguvu sehemu moja iliyonyooka, utaona barabara inakujibu nini.

Hatua ya 5: Mvua imeanza, uko kwenye tairi kavu

Huu ndio wakati mgumu, na ndio unaoamua mbio nyingi.

Manyunyu ya kwanza hayakupotezei sana. Lami bado ina joto, na tairi nalo bado lina joto. Fungua MFD, menyu ndogo ya gari inayofunguka kwenye skrini ukiwa unaendesha, kwenye ukurasa wa matairi, utazame rangi ya joto. Hapa rangi ni za joto, si za aina ya tairi: kijani maana yake salama, buluu maana yake limepoa. Muda wako ukipanda sekunde mbili lakini matairi bado yana joto lake, endelea. Ukiona matairi ya mbele yanaingia buluu na hayarudi hata baada ya kona za kasi, umebakiza mzunguko mmoja au miwili kabla mshiko haujakatika wote.

Sasa fanya hesabu hii. Kadiria sekunde unazopoteza kwa mzunguko ukilinganisha na mtu aliye kwenye kijani. Zidisha kwa mizunguko iliyobaki, au kwa mizunguko ambayo mvua inatarajiwa kuendelea. Ikizidi gharama ya piti, ingia. Tuseme unapoteza sekunde tatu na imebaki mizunguko mitano: 15, chini ya 21, baki. Imebaki tisa: 27, ingia.

Hesabu hiyo inafaa mvua isipokua. Mvua inayokua haipotezi sekunde tatu kila mzunguko. Inapoteza mbili, halafu nne, halafu saba, halafu kumi. Mizunguko minne imekula 23. Hapa ndipo utabiri wa hatua ya 4 unapolipa. Ukijua mvua inakua, usingoje kizingiti cha asilimia 112 kifike. Ingia muda wako unapogusa 107 au 108, kwa sababu hadi umalize mzunguko wa kuingia, lami itakuwa imeshavuka.

Lando Norris alikuwa anaongoza Sochi mwaka 2021 mvua ilipoingia mwishoni mwa mbio. Hamilton, aliyekuwa nyuma yake, aliingia kuchukua kijani. Norris alichagua kubaki nje. Mvua ikazidi, gari likateleza, akamaliza wa saba, na Hamilton akapata ushindi wake wa 100. Kwa lami ya dakika ile, Norris hakuwa mbali na hesabu. Kilichomwangusha ni lami ya mzunguko mmoja mbele.

Linganisha na Timo Glock, Interlagos mwaka 2008. Mizunguko ya mwisho mvua ilirudi, wengi wakaenda kuchukua matairi ya mvua, yeye akabaki na makavu. Kubaki kulimpandisha, kisha mzunguko wa mwisho ukamshusha hadi wa sita, Hamilton akampita kwenye kona za mwisho na kuchukua ubingwa wa dunia kwa pointi moja mbele ya Felipe Massa. Watu humkumbuka Glock kwa kupitwa. Mimi naona uamuzi wake ulikuwa na mantiki: mizunguko ilikuwa michache mno kuilipia piti. Ukiwa na mizunguko mitatu na mvua ya kiasi, fanya alivyofanya yeye.

Utajuaje tairi la kijani lina kasi gani ikiwa wewe hujalivaa? Tazama orodha ya madereva upande wa skrini, ambapo alama za rangi zinaonyesha nani amevaa nini. Mtafute wa kwanza aliyebadilisha, utazame pengo kati yenu sekta kwa sekta baada ya mzunguko wake wa kutoka. Akianza kukufikia, tairi lake limeshakuwa la kasi kuliko lako. Wapinzani wa kompyuta mara nyingi huingia kwa kundi. Ukiweza kuwatangulia kwa mzunguko mmoja, unakwepa pia msongamano wa njia ya piti. Mwenzako wa timu akiwa mbele yako na akaingia mzunguko huohuo, utasubiri nyuma yake hadi amalize kuhudumiwa, na sekunde hizo hazikuwemo kwenye hesabu yako. Mpishe aingie, wewe fuata mzunguko unaofuata, au mtangulie.

Mhandisi wa redio naye atakushauri. Msikilize, hasa anapotaja dakika ngapi zimebaki mvua ianze. Ila ushauri wake wa tairi gani na lini, upime kwa karatasi yako. Yeye hajui kwamba kidole chako kimeanza kushindwa na kona ya tatu.

Hatua ya 6: Weka tairi sahihi kabla ya kuingia piti

Ukurasa wa piti kwenye MFD unaonyesha tairi utakalowekewa. Mara nyingi bado lina mpango wa ukavuni uliouchagua kabla ya mbio. Libadilishe ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka, mzunguko mmoja kabla ya kuingia. Ukishavuka mstari wa piti, umefungwa na ulichochagua. Kujikuta unatoka piti na matairi mapya ya njano katikati ya mvua ni kupoteza sekunde 21 mara mbili.

Hapohapo unaweza kubadilisha pembe ya bawa la mbele. Gari likiwa linakataa kukata kona kwenye maji, ongeza kidogo. Mkia ukiwa ndio unaotaka kutangulia, punguza. Hatua moja au mbili zinatosha.

Hatua ya 7: Kijani au buluu?

Tumia kizingiti cha asilimia 118, lakini ongeza dalili tatu. Ya kwanza ni gari kuelea kwenye sehemu iliyonyooka: unakanyaga mafuta kikamilifu, usukani uko katikati, na bado nyuma inatingishika. Hayo si makosa yako, ni mifereji ya kijani imeshindwa na maji. Ya pili ni madimbwi yanayong'aa kwenye njia ya mbio yenyewe, si pembeni tu. Ya tatu ni joto la tairi la kijani kushuka na kukataa kupanda.

Ukiwa na dalili mbili kati ya hizo na utabiri unasema mvua kubwa itaendelea kwa angalau mizunguko sita au saba, nenda buluu. Ikiwa mvua kubwa ni ya muda mfupi, baki na kijani uendeshe kwa adabu. Buluu mara nyingi ni tairi la piti mbili: utalivaa, na mvua ikipungua utalazimika kulivua. Kabla hujalipa bei hiyo, hakikisha utalitumia vya kutosha.

Mvua kubwa ikiwa imeshamwagika kabla ya mbio kuanza, swali ni jepesi. Anza na buluu, ili piti yako ya kwanza ije wakati maji yanapungua.

Hatua ya 8: Uwanja unakauka

Wachezaji wengi wanaogopa mvua inapoanza, na hiyo inaeleweka. Lakini pointi nyingi zaidi hupatikana mvua inapokoma, kwa sababu hapo anayewahi anapata na anayechelewa anaungua.

Kwanza utaona mstari wa rangi hafifu ukijichora kwenye njia ya mbio. Magari yanayopita kila mzunguko yanafukuza maji, na mstari huo unakauka kabla ya pembeni. Wakati huohuo matairi yako ya kijani yanaanza kuwaka kwenye MFD. Ili kuyaokoa, toka kwenye mstari mkavu kwenye sehemu zilizonyooka, pita juu ya maji upoze mpira, kisha rudi kwenye mstari kabla ya kufunga breki. Mbinu hiyo inaweza kukuongezea mizunguko kadhaa ya uhai wa tairi.

Kisha tazama muda. Ukiwa kwenye kijani na muda wako unashuka kila mzunguko, uwanja unakauka na tairi bado linafaidika. Ukifika asilimia 112 ukishuka kutoka juu, uko kwenye mpaka. Ukiona muda umeacha kushuka ilhali mvua imekoma, umeshachelewa kidogo: uwanja unazidi kukauka, lakini tairi lako linaungua kwa kasi ileile. Ingia sasa. Dalili nyingine nzuri ni kurudishwa kwa DRS, bawa la nyuma linalofunguka kuongeza kasi, ambayo huzuiwa uwanja ukiwa umelowa.

Tairi gani kavu? Kwenye lami yenye unyevunyevu, jekundu hupata joto haraka kuliko mengine, na mzunguko wa kutoka piti ndio wa hatari zaidi. Ikibaki chini ya theluthi ya mbio, chagua jekundu bila kusita. Mizunguko ikiwa mingi zaidi, njano. Jeupe ni kwa mwenye mikono tulivu. Silverstone mwaka 2024 ilionyesha mambo mawili kwa pamoja, wakati wa kuingia na aina ya tairi. Norris alikuwa anaongoza, akachelewa mzunguko mmoja kuingia kuchukua makavu, na Hamilton akachukua uongozi. Wote wawili walivaa jekundu. Max Verstappen alivaa jeupe, na mizunguko ya mwisho jekundu la Norris lilipochoka, Verstappen akampita na kumaliza wa pili. Hamilton alishinda kwa kulitunza jekundu lake. Kwenye mchezo, uchakavu ukipanda sana mshiko hushuka haraka na tairi linaweza hata kupasuka, kwa hiyo pima uchakavu uliouona kwenye mazoezi dhidi ya mizunguko iliyobaki.

Ukitoka na matairi makavu, kaa kwenye mstari mkavu kama unatembea juu ya ukuta. Usimpite mtu kwa kutoka nje ya mstari hadi pembeni pakauke. Mistari myeupe na kingo za rangi ziepuke kabisa kwenye mzunguko huo wa kwanza.

Hatua ya 9: Gari la usalama na bendera nyekundu

Gari la usalama likitoka, wenzako wanakwenda polepole, na gharama ya piti inashuka sana. Uamuzi uliokuwa nusu kwa nusu unageuka kuwa ndiyo. Ingia.

Bendera nyekundu, inayosimamisha mbio, ni zaidi ya hapo, maana wote wanabadilisha matairi bure. Ikiwa umeiwasha kwenye mipangilio, na mvua kubwa imeshawafanya watu waanze kugonga kuta, kuna faida ya kustahimili mzunguko mmoja zaidi. São Paulo mwaka 2024, Norris na George Russell waliokuwa mbele waliingia piti. Verstappen, Ocon na Pierre Gasly wakabaki nje, bendera nyekundu ikatoka, wakapata matairi mapya bila kulipa sekunde hata moja. Verstappen, aliyeanza wa 17, akashinda. Ocon akawa wa pili, Gasly wa tatu. 

Hatua ya 10: Litunze tairi ulilochagua

Tairi sahihi kwenye mikono mikali ni sawa na tairi lisilofaa. Funga breki mapema na kwa upole. Peleka mgawanyo wa breki nyuma kidogo, kwa sababu kwenye maji magurudumu ya mbele hufunga kirahisi. Kupitia MFD, shusha tofautishi ya kwenye mafuta, yaani kiasi ambacho magurudumu mawili ya nyuma hufungwa yazunguke pamoja unapokanyaga mafuta, ili nyuma isiruke unapotoka kona ya polepole. Panda gia mapema kuliko kawaida, na nguvu ya ziada ya betri itumie gari likiwa limenyooka tu. Kwenye kona zilizolowa sana, jaribu njia ya nje kidogo ya mstari wa kawaida, ambako mpira uliosuguliwa haujaifanya lami iwe laini. Ukiona unapata muda, itumie, ukiona hupati, rudi.

Ukicheza mchezo mwingine

Gran Turismo 7 ina matairi mawili ya mvua kama F1, na imekurahisishia kazi: karibu na alama ya matairi kuna kipimo cha maji ya barabarani, na ramani ya rada inaonyesha mvua inayokuja. Kwenye mbio ndefu za Spa na Le Mans, tazama kipimo hicho kila mzunguko na rada kila mizunguko miwili, halafu tumia hesabu ileile ya piti. Assetto Corsa Competizione ina tairi moja tu la mvua kwa magari ya GT3 (daraja la magari ya mbio), kwa hiyo swali la kijani na buluu halipo. Badala yake kuna presha. Tairi la mvua linataka karibu psi 30 likiwa na joto, juu ya lile kavu. Mvua hupoza tairi na presha hushuka, kwa hiyo ijaze mapema kwenye mpango wa piti, uitazame baada ya mizunguko miwili, na urekebishe kwenye piti inayofuata.